Kigeu

Asubuhi niliandika juu kabisa, mstari wa kwanza:
kiwango = 2850.
Dola moja, franka ngapi. Jina liko mlangoni,
kila apitaye alisome, kama ubao wa Mama Nabintu
pale Nyawera, chaki nyeupe, tarakimu za mkono wake.

Zikafuata funksheni, vyumba vyenye kuta.
Ya kwanza ikachungulia nje, ikasoma,
ikapiga hesabu ya magunia ya sambaza. Sawa.
Ya pili nayo, sawa.
Ya tatu nikaiagiza: bei imepanda, badilisha.
Ikabadilisha. Ikanionyesha 2900 humo ndani
kama mtoto anayeonyesha viganja alivyonawa.
Nikatoka nje: 2850.

Jina lilelile. Herufi kwa herufi.

Nikahamisha mstari mmoja, nisome kwanza ndipo niandike.
Mashine ikaja juu: kiwango gani? Simjui huyo.
Humjui!
Na jana ulikuwa unamsoma?

Umeme ukakatika hadi saa mbili usiku.
Zihalirwa alikuja na betri yake na kikohozi chake,
akatazama, akacheka puani.
"Ukisoma tu, inakupa cha nje.
Ukikigusa, inakuzalia chako, pacha wa jina,
na ukifunga mlango pacha anakufa."
"Basi inikatalie. Iseme hapana."
"Haisemi."

Mama Nabintu alikuwa anafunga noti kwa mpira.
Hajui skripti, lakini alisikiliza.
"Marehemu wangu," akasema, "alikuwa hivyo hivyo.
Chumbani alikubali yote: deni limekwisha,
kiwanja cha Panzi ni cha watoto.
Akivuka kizingiti, kiwanja ni cha ndugu yake.
Wala hakuwa mwongo. Ndani, ilikuwa kweli."
Akaongeza noti, akavuta mpira.
"Nilipaswa kumwapisha kabla hajaingia."

Nikaandika kiapo hicho, neno moja
juu ya kila chumba: kiwango ni kile cha nje.
Saa tano usiku kikakubali.
2900 ndani. 2900 nje.
Nilikaa nikiitazama ile namba
kama mtu aliyerudishiwa chenji kamili.

Asubuhi dola imeshuka.
Mama anafuta ubao kwa kiwiko, anaandika 2870,
na nyuma ya duka, mlango umerudishwa,
mwanawe Cishugi anapima sambaza
kwa bei ya jana.