Romani ya Tanzania

Kosa ni langu. Prufu niliisoma mimi,
Gerezani, jenereta likinguruma, jasho likidondokea karatasi,
nikaipitisha: ROMANI YA TANZANIA,
nakala mia tatu, rangi nne.
Mito yote sahihi. Reli sahihi. Hata Ukerewe imekaa mahali pake.
O moja tu, mviringo kama tundu la kifungo, mahali pa A.

Bwana Kessy hakufoka. Alisema, "Sijaona, jina lako limekufaa,"
akazipeleka dukani kwa Hansaben, Mtaa wa Jamhuri, nusu bei,
nami nikae hapo na korekta na kalamu
nizibe O moja moja.

Neno likaanza kunisumbua.
Katekista wa Msimbazi alilisoma kwa sauti:
"Romani. Si ndio sisi, wa Roma?" Akanunua mbili.
Muuza juisi, Mwarabu wa Hadhramaut,
akasema kwao rumani ni komamanga,
akabana vidole kuonyesha punje zinavyosongamana.
Nikakumbuka chuoni tulivyofundishwa habari za Warumi,
kumbe wale walikaa Konstantinopoli na kusema Kigiriki:
jina la mji mmoja limevaliwa na mji mwingine
kama fulana ya mtumba yenye timu usiyoijua.

Jumatano akaingia Gejza Horváth,
fundi wa winchi bandarini, Mslovakia kwa pasipoti,
akitafuta njia ya Kilosa.
Akakunjua moja ambayo korekta haijaifikia.
Akasoma. Akarudia. Akaweka kidole juu ya O
kama mtu anayepapasa kovu lake mwenyewe.

"Nani kawaambia?" kwa Kiswahili chake cha kontena na makuli.
Nikasema ni kosa la chapa.
Akasema: Romani ni lugha yetu. Ni sisi.
Rom ni mtu. Rom ni mume; ndani ya nyumba
mke wangu haniiti vingine.
Mji wa Roma haututambui, nchi ya Romania ni jirani tu,
majina yamegongana njiani.
Wengine walituita Wamisri, karne na karne,
na Misri hatukuiona hata kwa mbali.

Hansaben alikuwa akihesabu chenji kimoyomoyo, midomo ikimponyoka:
ek, be, tran.
Gejza akageuka.
Jek, akasema. Dui. Trin.
Char, akasema Hansaben, polepole.
Shtar.
Panch.
Panj.
Umeme ukakatika, feni ikafa, hakuna aliyesogea.
"Pani?" akauliza Hansaben, chupa ya maji mkononi,
na yule mtu wa Ulaya akapokea, akanywa,
hakungoja mkalimani.

Kisha mama wa watu akaharibu, au alisema kweli, sijui:
"Kwetu wapo Dom. Wapiga ngoma.
Wakishapita, bibi yangu alikuwa anaosha kibaraza."
Akatazama sakafu yake mwenyewe.
Gejza akafuta mdomo. "Ndio hao. Wasomi wanasema hivyo.
D imetembea miaka elfu, ikachoka, ikawa R.
Lakini kuosha kibaraza," akasema, "huko nako kumetufuata."

Nilitaka kusema kitu kuhusu Dom na ngoma,
jinsi yanavyolia sawasawa.
Hayana undugu, najua. Nikanyamaza.
Sikio langu halikutaka kunyamaza.

Alipotoa pesa nilinyanyua korekta.
"Hii usizibe."
Nikamwambia ni herufi moja tu, Kilosa atafika kwa vyovyote.
"Herufi hiyo hiyo," akasema.
"Kila taifa lina yake yenye A. Sisi tumepata yenye O."
Akalipa bei kamili. Hansaben hakurudisha chenji,
wala hakuidai.

Jioni Kessy kauliza zimebaki ngapi.
Mia mbili tisini na saba, nikamjibu.
Nilizokwisha ziziba zinasomeka vizuri, hakuna mteja atakayegundua.
Ila ukiinua moja dhidi ya jua la Kisutu, saa saba,
wino mweupe hausitiri kitu:
nyuma ya A yangu mbichi
tundu liko wazi, linatazama.