Daftari la Luku

Nyumba yangu ya Chikongola ina vyumba vinne na mita moja.
Mita ina kataa kekundu kanakokonyeza
kama mtu anayejua siri ya jirani.
Miaka sita nimeilea kwa hesabu:
pasi Jumapili tu,
friji ya Bi Somoe izimwe usiku,
na mwezi uishe hatujavuka uniti sabini na tano,
maana ng'ambo ya sabini na tano
bei inavaa viatu.

Ndipo Nangumbi akaja na bajaji isiyonguruma.
Akaiingiza uani kinyumenyume,
kuku hawakuinuka.
"Mama, hii hainywi petroli," akasema,
na mimi mjinga nikampa hongera
kabla sijauliza inakunywa nini.

Ilikuwa inaninywa mimi.

Saa nne usiku waya unatoka dirishani,
unapita juu ya karo, chini ya kamba ya nguo,
hadi soketi ya jikoni.
Siku ya tisa soketi ikanuka nywele zilizoungua.
Fundi Mchopa akaifungua: ndani nyeusi kama chetezo.
"Waya huu ni wa taa na redio.
Umemtwika mtoto gunia la korosho."
Akaandika: waya mnene, swichi yake peke yake,
fimbo ya shaba ya kuzamisha ardhini.
Akaandika na nauli, ingawa anakaa mtaa wa pili.

Tarehe kumi na tisa tukavuka.
Elfu tano iliyozoea kuja na uniti arobaini
ikaja na kumi na nne.
Bi Somoe akanisogezea simu usoni: "Soma mwenyewe."
Nikasoma. Nikasoma tena, polepole,
kana kwamba tarakimu zingeona haya.
Mwalimu Mnawi akatoa kichwa chumba cha tatu:
"Gesi inachimbwa hapo Msimbati.
Tunalala mdomoni mwa kisima,
maji tunapimiwa kwa kijiko."
Maneno mazuri. Hakuchangia hata mia.

Nikanunua mita ndogo, nikaifunga kwenye waya wa Nangumbi,
nikamfungulia ukurasa.
Jumatatu, sita na nusu. Jumanne, saba kasoro.
Akalalamika, kisha akajisahau akajisifu:
"Petroli ingenila elfu kumi na tano kila siku!"
"Basi hiyo inayobaki," nikamwambia,
"nayo inalala humu ndani. Ilipe kodi."
Akacheka. Akalipa nusu.

Jana saa moja jioni umeme ukakatika,
mtaa mzima ukasema "aaah" kwa pamoja.
Nilikuwa katikati ya kujumlisha, kidole juu ya namba,
nikiogopa kukiondoa.
Nangumbi hakusema kitu.
Akaigeuza bajaji, akawasha taa zake za mbele,
uani kukawa kweupe hadi kwenye nyufa za ukuta.
Bi Somoe akatoka na ungo wa mchele, akachagua mawe.
Mwalimu akaleta madaftari ya darasa la sita.
Kumbikumbi wakaja bila kualikwa.
Na ule mwanga, nikiufikiria,
ulikuwa umeme wa juzi,
nilionunua mimi kwa simu yangu,
ukirudi kunitazama.

Nikakiondoa kidole.
Nikafungua ukurasa mpya.
Upande wa ninachodai nikauacha wazi,
upande wa ninachodaiwa nikaandika:
Taa, dakika hamsini.
Kisha nikakwama kwenye bei.