Figa Moja

Saa tisa alasiri, Upanga. Jenereta imenguruma, ikatulia.
Naweka ini la Chande Likokola chini ya lenzi:
kipande chembamba kama utando wa kitunguu,
waridi na zambarau.

Mwanzoni unaona ini tu.
Kisha macho yanazoea, kama chumbani taa ikizimwa:
seli zimebanana, nyumba za viwanja visivyopimwa,
matone ya mafuta huku na huku.
Kwenye kioo cha pili, nyuzi nyeusi
zilizokuwa uzio zimekatika.

Nilifundishwa kutafuta mafiga matatu:
ateri, vena, kijifereji cha nyongo.
Hapa ateri imesimama peke yake.
Figa moja haliinjiki chungu,
lakini kuna kinachopikwa.

Na ukingoni, penye mafiga yaliyosalia,
seli zimeingia uani
bila hodi.

Namwita Tumsifu. Anainama, anakaa kimya.
"Ukubwa?"
"Punje ya korosho."
"Basi tumewahi," anasema,
na lile "labda" analiacha mezani, karibu na chai yangu.

Husemwa kuna maneno yanayokata maini.
Mimi ini nimeshalikata.
Maneno ndiyo bado nayatafuta.