Masanduku Mia na Ishirini

Baba yako ameagiza keki.
Sikumwomba. Nilikuwa naosha mchele
nikamsikia ukumbini akibishana na simu:
"Mia na ishirini. La, si za siku ya kuzaliwa,
za harusi. Binti yangu anaolewa."
Kimya. Nikafunga bomba nisikie.
"Anaolewa. Au anaoa. Sijui mnasemaje huko."
Na bibi yako, kitini, bila kufumbua macho:
"Wanaoana. Neno lipo."

Miaka minne, Szu-chi,
tangu umlete Wan-ling na mfuko wake wa mapera.
Baba yako alikula mapera, hakusema neno,
akashuka gereji akaifungua pikipiki ya mtu
ambayo haikuwa mbovu.
Mimi nami sijisifu. Nilisema "rafiki yako", "yule rafiki yako",
hadi neno likachakaa mdomoni.

Jana usiku tuliketi na daftari la majina.
Shangazi wa Chiayi, masanduku mawili.
Muuza samaki. Mwalimu wako wa darasa la tatu, kama yu hai.
Kwa kaka yake, kalamu ikasimama:
yule aliyetuambia, siku ya kufagia makaburi,
ufagio mkononi, kwamba ukoo umekatikia kwetu.
Akalikata jina.
Akaliandika upya, kubwa zaidi.
"Ampe mbwa akitaka. Asije kusema hakuambiwa."

Bibi yako alikwisha kumuuliza babu.
Alivitupa vile vibao viwili mbele ya picha yake,
vikalala vyote chali: marehemu anacheka.
Akatupa tena. Anacheka.
"Ndivyo alivyokuwa hata nilipotaka televisheni ya rangi."
Mara ya tatu, kimoja chali, kimoja kifudifudi,
naye akaviokota upesi
kabla mzee hajabadili nia.

Likabaki la beseni.
Gari la bibi harusi likiondoka, mzazi humwaga maji nyuma yake.
Mimi nilimwagiwa. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili,
nikayasikia yakipiga lami,
nikajua kwetu si kwetu tena.
Maji yakimwagika hayazoleki.
Nikampigia mama yake Wan-ling: nani amwage, wewe au mimi?
Maana hapa kuna mabinti wawili na gari moja.
Akacheka, akasema beseni lao linavuja.
Baba yako alikuwa mlangoni, grisi hadi kiwikoni.
"Hakuna anayemwagwa," akasema,
akalibeba beseni, lile jekundu, jipya,
nililolinunua kwa ajili ya siku hiyo tu,
akaenda kuloweka mnyororo wa pikipiki ndani yake.
Tumegombana mpaka chakula cha jioni.

Basi njooni Jumamosi mchukue fungu lenu.
Yamebaki mia na kumi na tisa.
Moja amelifungua mwenyewe, eti lazima aonje,
tusije tukaaibika mbele za watu.
Amekula nusu.
Nusu ameifunika kwa sahani, hataki iguswe:
ni ya Wan-ling, anasema,
yeye hupenda upande wenye kiini cha yai.
Sijui alijuaje.
Miaka yote minne, pale mezani,
nilidhani hamtazami.