Miaka ya Punda

Nilipomuuliza Mzee Tallentire
mkewe alimtoka lini,
alitazama birika, hakunitazama mimi.
"Miaka ya punda," akasema,
akaomba kijiko cha pili cha sukari.

Nikaondoka na kauli ile mfukoni,
nikapanda nayo basi la kurudi Penrith,
nikapanda nayo ngazi, juu ya duka la chipsi,
nikaiweka mezani, nikaizunguka.
Punda anaishi miaka mingapi?
Kwetu Pangani hakuna aliyewahi kumhesabia.
Kwetu punda tunamsubiri aote pembe:
siku hiyo Shemeji Mbwana atalipa deni,
siku hiyo daraja litajengwa.
Kumbe huku wanamhesabu kwa nyuma,
sisi tunamhesabu kwa mbele,
na yeye yupo katikati, anatafuna.

Maureen wa zamu ya usiku akacheka:
zamani, ati, yalikuwa masikio.
Masikio ya punda ni marefu,
na katika kinywa cha Mwingereza
sikio na mwaka wamenyonya ziwa moja.
Tangu hapo kila nikisikia "kitambo"
naona kitu kimesimama gizani, kimetega.

Zipo nyingine. Mzee hajala pai ya figo
"mwezi mzima wa Jumapili".
Hiyo sikuhitaji kufasiriwa.
Nazijua Jumapili za hapa:
basi moja asubuhi,
mvua inayonyesha bila kukusudia,
milango ya maduka imeshushwa mabati.
Thelathini za namna hiyo, mfululizo,
bila Jumatatu ya kuzikata.
Huo si mwezi, ni eda.

Barua ya Uhamiaji ilipokuja
nilimtafuta humo punda, sikumpata.
"Tutakujibu kwa wakati ufaao."
Kauli isiyo na kwato wala manyoya,
huwezi kuitupia majani,
huwezi kuisikia ikikohoa usiku.
Ina miezi kumi na tisa sasa.

Jumamosi mama akapiga.
"Unakuja lini?"
Nikamjibu, "Karibuni."
Akanyamaza kidogo, kisha akasema,
"Tumekaribia, mwanangu. Mlango uko wapi?"
Tukacheka wote wawili
mpaka salio lake likaisha.

Leo Desemba, saa tisa alasiri, taa zimeshawashwa.
Tunagombana juu ya vidonge vya presha.
"Tutabishana," anasema, "mpaka ng'ombe warudi..."
akaishia hapo.
Dirishani kuna zizi, paa lake zima, ndani hamna kitu.
Mwaka ule wa ugonjwa wa miguu na midomo
walikuja watu wenye mavazi meupe.
Mia moja na kumi na wanne, wagonjwa kwa wazima,
na moshi wao uliingia hadi kwenye mkate.
Aliniambia mara moja tu, akinawa.
Hilda alikufa mwaka uliofuata.
Nikapiga hesabu pale pale, nimeshika glasi ya maji,
nikaijua hatimaye idadi ya miaka ya punda,
nikanyamaza nayo.

Sentensi yake sikummalizia.
Nilimpa neno la kwetu, "dahari,"
akalizungusha mdomoni kama peremende,
akasema lingemfaa ng'ombe mzuri,
mwenye maziwa mengi na asiye na haraka.
Akameza vidonge.

Langoni nikabonyeza simu ya kampuni:
Tallentire, W. Dawa: amemeza.
Mazungumzo: ya kawaida.
Muda: dakika arobaini na mbili.
Kampuni hulipa thelathini.
Kumi na mbili zilizobaki
ni za ng'ombe.