Namba 047

Saa mbili kasorobo, Tegeta. Feni inazunguka
kama mtoto aliyetumwa dukani naye hataki.
Mimi ndiye ninayeuliza:

Kutoka sifuri hadi kumi,
sifuri ni kutoumwa kabisa,
kumi ni maumivu makali kuliko yote unayoweza kuyawaza,
leo, mama, yako ni ngapi?

Nimelisema mara mia mbili na kitu,
na kila nikifika hapo kwenye kuyawaza
macho yangu hukimbilia dirishani.

Bi Sikudhani Kilumbi, mgonga kokoto wa Kunduchi Mtongani,
ameiweka mikono yake mapajani
kama mzigo wa mtu mwingine, ameachiwa autunze.
Vidole havikunjiki. Ukucha wa shahada haupo,
ulikwenda na nyundo mwaka ule wa mafuriko.

"Kumi ya nani?"
"Yako, mama."
"Nimezaa saba, nimezika wawili.
Kumi yangu utaiweka wapi?"

Naandika: hajajibu.

Daktari Kaijage alituasa: mgonjwa msimtilie maneno kinywani,
yasubirini.
Nasubiri. Huko nje mtu anajaribu kuwasha jenereta,
inakohoa, inakataa, inakohoa.

Maneno ya fomu hii tuliyatafuta wenyewe,
watu sita, wiki nzima, chai na vitumbua,
tukigombana kama kuchoma ni kwa moto au kwa mwiba.
Tukaandika: inachoma, inavuta, inapwita, inakata.
Tukapiga muhuri. Tukapeana mikono.

"Inawanga," anasema.

Kalamu inasimama. Haimo.

Bibi yangu akisema wanga alitaka hesabu:
wanga hizo nazi, mjukuu wangu, zisije zikapunguzwa.
Na jirani yetu walipomnong'ona kuwa anawanga
tulifunga madirisha kabla ya magharibi.
Kuuma, kuhesabu, kuroga, neno ni hilohilo,
nami nimeajiriwa nihesabu yanayouma;
la tatu nimepewa bure na watu wa machimboni,
wanaosema chupa zetu ndogo za damu
ni biashara ya mumiani.

"Inawanga vipi, mama?"

"Usiku. Nyundo nimeiacha kule,
lakini mapigo nimerudi nayo nyumbani.
Nalala, mikono inaendelea kugonga.
Nayahesabu. Nikifika mia nne naanza upya,
mpaka adhana.
Si unataka namba? Andika mia nne."

Kisanduku kina nafasi ya tarakimu mbili.

Nampa bahasha. Namweleza kama nilivyofundishwa:
huenda ndani mna dawa,
huenda mna kidonge kitupu kilichofinyangwa kwa wanga,
wewe hujui, mimi sijui,
anayejua ni kompyuta, nayo imefungwa.

Ananitazama muda mrefu.
"Kwa wanga?"
"Ule wa muhogo, mama. Kama ule wa kutilia nguo."
Anacheka hadi meno ya nyuma, akiwa ameikumbatia mikono yake
isitikisike na kicheko.
"Haya. Wanga kwa wanga."
Anatia kidole gumba kwenye wino.

Pembeni ya fomu, kwa penseli, herufi ndogo,
niliandika neno lake.
Iliporudi toka makao makuu lilikuwa limezungushiwa duara jekundu:
mshiriki achague miongoni mwa yaliyopo.

Ziara ya pili, Jumanne, mvua.
"Jana nimefika mia na sitini,
sijui nini kikanipitia. Nimeamshwa na jogoo."
"Kwa hiyo ni ngapi leo, mama?"
"Andika nne, ufurahi."

Kisha, mlangoni, khanga kichwani:
"Ile uliyonipa ni ipi?"
"Sijui, Bi Sikudhani."
"Kama ni wanga, niongezee."

Ziara ya tatu: tarehe kumi na nane.
Aje na bahasha tupu.