Zamu ya Urmas

Saa tisa usiku, Tartu. Theluji imekaa dirishani
kama mgeni asiyejua kuaga.
Simu inalia: printa ya wodi ya wazazi imegoma.
Urmas anavaa sweta juu ya pajama,
anaisogeza chai iliyopoa, anafungua kompyuta,
anauliza lile swali lake la miaka kumi na tisa:
"Umeizima ukaiwasha?"
Muuguzi kimya.
Kisha, kwa mbali, mchakato wa karatasi ikitoka.
Simu imekatwa. Asante haikupita.

Miezi sita mitambo ilipotulia
hakuna aliyeuliza huyu bwana anafanya nini.
Ilipolala dakika kumi tu,
jina lake lilijulikana hadi jikoni.

Usingizi umeshakimbia, haufukuziki.
Anashusha kabatini kodiani ya marehemu shangazi Leida:
mivukuto imetoboka, kitufe cha tatu kimenata
kwa jamu ya harusi ya nani sijui.
Anafungua skrubu tisa, anazipanga kisahanini,
ya kumi inabingirika chini ya friji. Aiache.
Hapa hapadaiwi nenosiri.
Hapa hapana wa kuandika HARAKA kwa herufi kubwa.
Gundi, kipande cha ngozi ya mbuzi,
na kidole kinachosubiri ikauke.

Anavuta. Kodiani inakohoa.
Inakohoa tena.
Halafu sauti moja, nyembamba, iliyonyooka.

Bi Helve wa chumba cha pili anagonga ukuta.
"Tatizo limepokelewa," Urmas ananong'ona,
"linashughulikiwa,"
na anavuta tena, taratibu.